Siku tano kwenye kiti cha nyuma

Mkesha

Swali la kwanza aliloniuliza dereva wangu halikuwa jina langu. Alikuwa kando ya pikipiki, spana mkononi, akanitazama kama fundi nguo anayekadiria kitambaa. "Dada, una kilo ngapi? Pamoja na buti, koti na redio." Nikamtajia huku nimekunja uso. Akainama, akakaza springi za nyuma mizunguko miwili, akapanda na kurukaruka juu ya kiti, akashuka, akakaza nusu nyingine. "Mke wangu ni mwepesi kuliko wewe," akasema, wala hakuona kama amesema neno.

Nimekuwa mwamuzi wa mbio za baiskeli kwa miaka sita, yote mezani: mstari wa kumalizia, picha za kamera, orodha, kalamu. Safari hii nimepangiwa pikipiki. Hatua tano kwa siku tano, nami abiria.

Kalamu nimeambiwa niiache, maana wino hufumuka kwenye mvua. Nina penseli mbili, moja imefungwa kwa uzi. Kijitabu kimekaa pajani, kimebanwa na mpira. Saa ya kupimia iko shingoni, filimbi karibu na mdomo, redio sikioni. Orodha ya namba za wachezaji imebandikwa mgongoni mwa dereva, ndani ya plastiki, ili niisome bila kuinama. Kwa siku tano, mgongo wa mzee huyu ndio utakuwa ukurasa wangu.

Tumekubaliana alama, kwa sababu ndani ya helmeti, na upepo juu yake, maneno hayafiki. Bega la kulia mara moja: sogea mbele. Mara mbili: rudi nyuma. Kofi la mgongo: simama pembeni. Yeye naye akanipa masharti mawili. Kwenye kona nilale anakolala, nisijifanye mti. Na nikitaka kugeuka kutazama nyuma nimwambie kwanza, kwa sababu abiria akijipinda ghafla, pikipiki nayo hujipinda.

Siku ya kwanza: tambarare

Pikipiki za waamuzi ni tatu. Ya kwanza hukaa na waliochomoka mbele, ya pili ubavuni mwa kundi kuu, ya tatu nyuma, kati ya mkia wa kundi na magari ya timu. Sisi ni ya tatu. Huko nyuma ndiko jikoni kwa mbio. Ndiko chupa zinakochukuliwa, magurudumu yanakobadilishwa, mafundi wanakotoa miili dirishani hadi kiunoni, na ndiko hila ndogondogo zinakopikwa.

Hila maarufu kuliko zote ni chupa ya gundi. Kijana anarudi kwenye gari la timu kuchukua maji. Kocha anamnyoshea chupa, kijana anaishika, lakini kocha haiachii. Gari linakwenda, chupa imegeuka kamba. Sekunde moja, hakuna atakayesema kitu. Sekunde tano, huko ni kubebwa. Katikati hapo mwamuzi anabaki na macho yake. Dada yake chupa ni breki iliyoharibika: fundi anatoka dirishani kuikaza, mkono mmoja kwenye spana, mwingine umeshika kiti cha baiskeli, na gari linaongeza mwendo. Breki hizo hazijawahi kuharibika kwenye mteremko.

Leo niliona chupa tatu za namna hiyo, nikaandika moja. Zile mbili niliziona kutoka mbali, nyuma ya gari la nne, na nisingeweza kuapa kama mkono ulikuwa kwenye chupa au kwenye kioo cha gari. Ndiyo maana tangu asubuhi nilikuwa namgusa mzee bega la kulia. Sogea. Sogea. Naye alikuwa akisogea mita chache, kisha kidogo kidogo akirudi pale pale alipopenda yeye. Nilianza kukasirika. Nilijiuliza nani hapa ndiye mwamuzi.

Kilomita ya 118 nikapata jibu. Kabla ya kuona chochote nilisikia sauti, kama kabati la vijiko limeangushwa ngazini. Mkia wa kundi ukafunguka kama feni, baiskeli zikaruka huku na huku, watu wanane au tisa chini, mmoja akiteleza kwa mgongo katikati kabisa ya barabara. Mzee hakukanyaga breki kwa hofu. Alipunguza mwendo, akainua mkono kuyaonya magari ya nyuma, akaenda ukingoni na kusimama. Kati ya gurudumu letu la mbele na yule kijana aliyelala kulibaki nafasi ya kutosha gari zima. Ile nafasi niliyokuwa nikiilalamikia tangu asubuhi.

Jioni, akifuta vumbi kwenye taa, alinitajia jina moja tu: Antoine Demoitié. Namkumbuka, kila mwamuzi anamkumbuka. Tarehe 27 Machi 2016, kwenye mbio za Gent–Wevelgem, kijana huyo wa Ubelgiji mwenye miaka 25 alianguka pamoja na wenzake, na pikipiki iliyokuwa nyuma yao kwenye msafara ikamgonga. Akafa. Mzee hakuongeza neno, aliendelea kufuta taa ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Siku ya pili: upepo

Leo upepo ulivuma wa ubavuni, na kwenye mbio za baiskeli huo ni mbaya kuliko mlima. Mlima unajulikana uko wapi.

Upepo ukipiga ubavu, wachezaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijificha nyuma kidogo na pembeni kidogo ya mwenzake, mpaka barabara inaisha. Aliyekosa nafasi kwenye mshazari anabaki kwenye ukingo, peke yake na upepo, na dakika tatu baadaye ameachwa. Kundi la watu 120 likakatika vipande vinne.

Kwetu sisi fumbo ni moja. Upande pekee wenye nafasi ya kupita ni ule unaotoka upepo, na ndio upande pekee usioruhusiwa kukaa. Ukikaa hapo, wewe ni ukuta. Unamkinga aliyetangulia, unampa pumzi ambayo mwenzake wa kundi la nyuma hakupewa. Kwa hiyo unasubiri barabara ipinde, unapita kwa kasi, na hutazami chini kuandika namba hata kama umeona kosa. Nimekariri namba nne kwa kuziimba.

Makundi yalipokatika, sauti ya mwamuzi mkuu ikaja redioni: baraji. Maana yake magari ya timu yanazuiwa kuingia kwenye pengo kati ya kundi na kundi, kwa sababu gari likiingia, walioachwa watajificha nyuma yake na kurudi mbele bure. Anayezuia ni sisi. Tulikaa mbele ya safu ya magari, mkono wangu umenyooshwa pembeni, kiganja wazi, honi zinanipigia mgongoni kama harusi.

Gari moja likajitoa. Kocha akateremsha kioo, uso mwekundu: "Mama, mtu wangu ana pancha!" Nikatikisa kichwa. "Amesimama pale! Unamwona!" Kweli nilimwona, mita mia mbili mbele, gurudumu juu ya bega, anatazama nyuma kumtafuta mtu ambaye mimi nimemzuia. Ningemruhusu mmoja, kumi wangemfuata. Nikashikilia. Pikipiki ya huduma ya wote, ile inayobeba magurudumu kwa timu zote bila kubagua, ikafika na kumpa la akiba. Alipoteza kama dakika moja.

Kocha alinisubiri mwisho wa hatua. Hakutukana. Alinieleza kwa upole kwamba yule kijana alianza siku akiwa wa tano kwa jumla na sasa ni wa ishirini na kitu. Afadhali angetukana.

Siku ya tatu: milima

Hii ndiyo siku niliyoiogopa, nami niliogopa sehemu isiyostahili. Nilidhani ni kupanda.

Kupanda ni joto na harufu. Nyuma ya kundi la mwisho, ambalo watu wa mbio huliita basi, mwendo unashuka hadi kilomita kumi na mbili kwa saa. Pikipiki yenye watu wawili haipendi mwendo huo. Klachi ilianza kunuka, feni ya rejeta ikalia bila kunyamaza, miguu yangu ikawa kama imewekwa mbele ya tanuri. Mzee alikuwa anacheza na klachi kwa vidole viwili, huku akinung'unika kitu ambacho nadhani kilikuwa sala.

Basi lina siasa zake. Kila hatua ina muda wa mwisho, unaokokotolewa kwa asilimia ya muda wa mshindi, na atakayefika baada ya hapo harudi kesho. Basi ni ushirika wa waliochoka: wenye nguvu za mbio fupi, wagonjwa, walioanguka juzi. Wanaenda pamoja, mmoja wao akipiga hesabu kichwani kama karani. Nyuma yao kabisa linakuja gari la fagio, linalookota waliokata tamaa. Tour de France imekuwa nalo tangu 1910, mwaka walipopelekwa kwenye milima ya Pyrenees. Nimelitazama leo likitufuata polepole, taa zinawaka, kama tai.

Watazamaji wanasukuma. Wanaona ni huruma, na kwa kweli ni huruma, lakini mchezaji anapaswa kukataa. Nilikuwa naangalia mkono wa mchezaji: akipunga "hapana", naachana naye, akiwa ametega kiuno kwa starehe, naandika. Karibu na kilele watu walibana barabara hadi tukapita kwenye uchochoro wa mikono na bendera. Nikamkumbuka Chris Froome kwenye Tour de France ya 2016, mlima wa Mont Ventoux, watu walipoifunga njia, pikipiki ya televisheni ikasimama ghafla, naye na wenzake wawili wakaivaa kwa nyuma. Baiskeli ikavunjika, akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima, amevaa jezi ya njano ya anayeongoza. Dunia ilicheka. Mimi sasa, nikiwa kwenye kiti cha aina ile ile, sikuona cha kuchekesha.

Kabla ya kilele, kwenye kona, nikaliona. Gari la timu, dirisha wazi, mkono wa kijana umeshika nguzo ya mlango. Si chupa. Mlango. Tulipotokeza aliachia, na kwa sekunde moja tukatazamana. Macho yale hayakuwa ya mwizi. Yalikuwa ya mtu aliyelala saa mbili, ana plasta kuanzia nyonga hadi goti. Alikuwa mmoja wa walioanguka siku ya kwanza.

Sikujua alishika kwa muda gani. Nilichoona ni sekunde mbili. Nikaandika: "namba fulani, ameshika gari, angalau sekunde mbili, mwinuko wa pili." Nilirudia kuisoma sentensi hiyo mara nyingi, nikitafuta kama kuna neno la kupunguza. Vincenzo Nibali, bingwa wa Tour de France ya 2014, alitolewa Vuelta ya 2015, mbio kubwa za Hispania, siku ya pili tu kwa kushika gari la timu yake, kwa hiyo hakuna aliye mkubwa kuliko jambo hili. Lakini Nibali alipigwa picha kutoka angani, kosa lake liko wazi kwa kila mtu. La huyu kijana liko kwenye penseli yangu peke yake.

Jopo la waamuzi lilimpa faini na adhabu ya muda, hawakumtoa. Mwamuzi mkuu aliniuliza mara tatu: angalau mbili? Angalau mbili, nikamjibu.

Sasa mteremko, ambao ndio ningepaswa kuuogopa. Baiskeli na mtu wake hawafiki kilo tisini. Pikipiki yetu peke yake inapita mia mbili, ongeza sisi wawili. Kwenye mstari ulionyooka tunawashinda, kwenye kona wanatuacha kama tumesimama. Mtu asiyejua atadhani pikipiki ndiyo ya haraka. Ukijikuta mbele ya mchezaji kwenye kona zinazofuatana, umekuwa kizuizi, na yeye yuko kwenye kilomita themanini kwa saa na matairi membamba kuliko kifundo cha mkono. Mzee ana kanuni: ama uwe mbele sana wasikuone, ama nyuma na ukubali kubaki nyuma. Tukabaki nyuma. Hata hivyo kijana mmoja aliyechelewa kileleni alitupita ndani ya kona, upande wa ndani, goti lake karibu na goti langu. Nikasikia mpira wa matairi yake ukiimba. Sikupumua mpaka kona iliyofuata.

Chini zaidi nilipuliza filimbi mara moja, kwa kijana aliyeketi kwenye bomba la juu la fremu, kifua juu ya usukani. Mkao huo UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, iliupiga marufuku kuanzia tarehe 1 Aprili 2021. Akarudi kwenye kiti bila ubishi, akanionyesha dole gumba. Nadhani alikuwa amesahau kweli.

Siku ya nne: dhidi ya saa

Siku nzuri, ina machache ya kusema. Kila mtu peke yake, kila mtu na saa. Tunamfuata mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, tukiwa nyuma yake kwa umbali uliowekwa, kisha tunarudi kuchukua mwingine. Akimfikia aliyeanza kabla yake, ampite akiacha mita mbili pembeni, na baada ya kilomita moja aliyefikiwa awe mita 25 nyuma. Hayo tu.

Zamani niliamini kwamba pikipiki ikiwa nyuma haimsaidii mchezaji. Kisha mwaka 2016 Bert Blocken, profesa wa Eindhoven, na wenzake wakaonyesha kwamba hata pikipiki iliyo nyuma, ikikaribia mno, hubadilisha hewa mgongoni mwa mchezaji na kumpunguzia ukinzani. Yaani unamsukuma bila kumgusa. Leo nilikuwa nikipima umbali ule kwa mistari ya barabarani kama mtu anayehesabu shanga, na mzee, kwa mara ya kwanza, hakurudi nyuma zaidi ya nilivyotaka. Tulikuwa tunataka kitu kimoja.

Nilimfuata msichana mmoja wa mbio za wanawake kwa nusu saa. Mgongo wake haukutikisika hata mara moja.

Siku ya tano: geti

Nimehamishiwa pikipiki ya kwanza. Ni kupandishwa cheo, na nilijisikia hivyo mpaka saa nane mchana.

Watatu walichomoka mapema. Kazi yangu ilikuwa kuwalinda na kuwapimia pengo. Unachagua alama, daraja au bango, unaitangaza redioni, unabonyeza saa wa kwanza anapoipita. Pikipiki ya pili inasema "sasa" kundi linapoipita, unabonyeza tena. Pengo lilikuwa dakika tatu, likawa moja, likawa sekunde 52, 41, na kwenye kituo cha mafuta, kama kilomita moja na nusu kabla ya reli, 34.

Reli ilikuwa kwenye ratiba. Treni haikutakiwa kuwepo saa ile, lakini ilikuwa ya mizigo na ilikuwa imechelewa. Taa nyekundu zikaanza kuwaka, kengele, nguzo za geti zikaanza kushuka.

Kanuni ya UCI nimeikariri. Kupita geti likiwa limefungwa ni marufuku, anayepita anatolewa. Waliochomoka wakiwa na zaidi ya sekunde 30, na wakafikiwa geti likiwa bado limefungwa, mbio zinasimamishwa na kuanza upya kwa pengo lile lile. Wakiwa chini ya 30, hilo ni tukio la mbio, na kila mtu na bahati yake. Kwa hiyo kitu kimoja tu nilitakiwa kufanya: kubonyeza saa walipofika getini.

Wawili walisimama. Wa tatu aliinamisha kichwa na kwenda moja kwa moja chini ya nguzo. Mwaka 2015, kwenye Paris–Roubaix, wengi walipita hivyo hivyo treni ikija, na hakuna aliyetolewa, basi nadhani kila kijana ameiona video ile na kujifunza somo lisilo lake. Nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote. Mzee akabana honi. Kijana akakamata breki, kifua kikagusa nguzo, akasimama. Mabehewa yakaanza kupita mbele ya pua yake.

Ndipo nilipokumbuka saa. Nikabonyeza.

Kundi likaja na kujaa nyuma yetu, jasho na matusi na minyororo. Nikabonyeza tena. Sekunde 29.

"Pikipiki ya kwanza, pengo getini?"

Nikamweleza kama lilivyokuwa. Saa inasema 29. Niliibonyeza kwa kuchelewa, nilikuwa namzuia mtu. Sijui nilichelewa sekunde ngapi. Kipimo cha mwisho kabla ya hapo ni 34, kwenye kituo cha mafuta.

Kimya. Mabehewa yalikuwa bado yanapita, marefu, tupu, moja baada ya jingine.

"Kipimo cha getini ni 29. Tukio la mbio."

Geti likafunguka, kundi likawameza wale watatu kabla hawajapata kasi. Yule aliyegusa nguzo alipita karibu nami akauliza, "Ilikuwa ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali, akashuka gia, akaenda. Alimaliza wa sitini na kitu.

Ripoti niliiandika nikiwa nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta. Niliandika namba zote mbili, na neno "kuchelewa", na sababu. Mzee alikuwa anabandua namba ya mbio kwenye kioo cha pikipiki.

"Zilikuwa 32," akasema bila kugeuka. "Nilihesabu moyoni tangu waliposimama wale wawili."

"Mbona hukusema?"

"Mimi ni dereva."

Alichukua spana, akapiga goti kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kulegeza springi. Mizunguko miwili na nusu, nilihesabu.